Riba, Pamba na Pengo la Kipato: Mkulima wa Simiyu Ananunua Fedha kwa Bei Gani?

Na Mwandishi Wetu, Bariadi

Kila ifikapo Januari, mashamba ya pamba ya Nkololo, Dutwa, Ngulyati na Kasoli huwa katika palizi. Ndiyo miezi ambayo kaya nyingi za Mkoa wa Simiyu hukabiliwa na matumizi kutoka kila upande: vibarua wa palizi wanahitaji malipo, wadudu wanahitaji viuatilifu, shule zimefunguliwa na watoto wanahitaji sare na madaftari, na akiba ya mahindi na mtama iliyobaki kutoka msimu uliopita inaelekea ukingoni. Wakati huohuo, pamba ambayo ndiyo itakayoleta fedha bado iko shambani, na msimu wa kuiuza hufunguliwa kuanzia Mei.

Kwa hiyo kipo kipindi cha takribani miezi sita ambacho kaya ina mali inayokua shambani lakini haina fedha mkononi. Mwenye ng'ombe huuza mmoja na maisha yakaendelea. Asiye na ng'ombe hukopa. Bei anayotozwa kwa mkopo huo, yaani riba, ndiyo inayoamua iwapo mwezi Juni atatoka kwenye mizani akiwa na mtaji wa msimu ujao au akiwa na karatasi ya deni.

Makala haya yanachambua uhusiano huo kati ya riba, ukuaji wa uchumi na pengo la kipato. Hoja yake ni moja: penye mavuno yasiyoongezeka, riba kubwa huwa mfereji unaohamisha mali kutoka kwa asiye nayo kwenda kwa aliye nayo, hata kama hakuna aliyeiba wala aliyevunja mkataba.

Uchumi unaokua na shamba lisilokua

Kwa takwimu za kitaifa, Tanzania si nchi yenye uchumi uliosimama. Pato la Taifa lilikua kwa asilimia 5.1 mwaka 2023 na asilimia 5.5 mwaka 2024, huku mfumuko wa bei ukibaki kati ya asilimia 3 na 4. Hata hivyo, wastani wa taifa unajumuisha migodi, ujenzi, mawasiliano, huduma za fedha na utalii. Sekta ya kilimo, inayobeba maisha ya Watanzania walio wengi, hukua kwa kasi ndogo zaidi ya wastani huo.

Simiyu ni mfano mzuri wa kulielewa jambo hili. Mkoa huu, ulioanzishwa rasmi mwaka 2012 ukiwa na wilaya tano za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, huzalisha zaidi ya nusu ya pamba yote ya nchi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wakazi 1,584,157. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi 2,140,497. Ni ongezeko la zaidi ya theluthi moja ndani ya miaka kumi, sawa na takribani asilimia 3 kila mwaka.

Maana yake kiuchumi ni nyepesi kuielewa. Ili maisha ya mwananchi wa kawaida yabaki yalivyo, mavuno ya mkoa hayana budi kuongezeka kwa asilimia 3 kila mwaka. Mavuno yakibaki palepale kwa miaka kumi, fungu la kila mtu hupungua kwa karibu robo. Na kwa wakulima wengi wa pamba, mavuno ya ekari moja yamebaki kati ya kilo 200 na 300 miaka nenda miaka rudi, ilhali wataalamu wa zao hilo wanasema ekari hiyohiyo ikilimwa kwa kufuata kanuni bora inaweza kufikisha kilo 1,000. Kwa kaya ya namna hiyo, uchumi wenye ukuaji sifuri ni hali ya kila msimu.

Mwaka 2013 mchumi wa Ufaransa, Thomas Piketty, alichapisha kitabu kilichozua mjadala duniani kote kwa hoja kwamba faida ya mtaji ikizidi kasi ya ukuaji wa uchumi kwa muda mrefu, mali hujikusanya mikononi mwa wachache. Wapo wanaompinga katika mambo mengi, lakini msingi wa hesabu yake unaeleweka hata kwenye gulio la Bariadi: mwenye fedha akiongeza fedha zake kwa asilimia 12 kwa mwaka na mwenye jembe akiongeza mavuno yake kwa asilimia sifuri, pengo kati yao litapanuka kila mwaka bila hata mmoja wao kubadili tabia.

Japani inaonyesha upande wa pili wa hesabu hiyo. Uchumi wa nchi hiyo ulipodumaa, benki kuu yake ilishusha riba hadi kukaribia sifuri mwaka 1999, na mwaka 2016 ikaishusha chini ya sifuri, sera iliyoachwa Machi 2024. Ukuaji ulikuwa mdogo, lakini mkopo nao ulikuwa rahisi, hivyo aliyekopa hakuelemewa haraka na deni. Hali ya hatari ni ile inayokutanisha mambo mawili kwa pamoja: ukuaji mdogo na riba kubwa. Na hiyo ndiyo inayoikabili kaya isiyo na dhamana kijijini.

Mkopo mmoja, bei nne

Januari 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilianza kutumia mfumo wa sera ya fedha unaotumia riba, ikitangaza Riba ya Benki Kuu ya asilimia 5.5. Aprili mwaka huo ilipandishwa hadi asilimia 6, na Julai 2025 ikapunguzwa hadi asilimia 5.75. Riba hii ndiyo dira ya soko la fedha baina ya mabenki. Lakini kutoka Benki Kuu hadi Nkololo kuna vituo vingi, na kila kituo kina gharama zake.

Tuchukue mfano wa mkulima anayehitaji shilingi 200,000 mwezi Januari, atakayerejesha baada ya miezi sita. Akipata mkopo wa kilimo wa benki wenye riba ya asilimia 10 kwa mwaka, atalipa riba ya shilingi 10,000. Akikopa kwa riba ya kawaida ya soko la mabenki, ambayo ni takribani asilimia 15, atalipa 15,000. Akienda kwa mtoa huduma ndogo za fedha mwenye leseni ya daraja la pili, anayebanwa na ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi uliowekwa na kanuni za mwaka 2019, riba inaweza kufika 42,000. Akiangukia kwa mkopeshaji asiye na leseni anayetoza asilimia 20 kwa mwezi, ile mikopo ambayo wananchi wenyewe wameibatiza jina la "kausha damu", atalipa riba ya 240,000 juu ya deni la 200,000.

Tukiibadilisha hesabu hiyo kuwa pamba kwa bei ya shilingi 1,150 kwa kilo, mkopaji wa kwanza anarejesha kilo 183. Mkopaji wa mwisho anarejesha kilo 383, ambazo ni zaidi ya mavuno yote ya ekari moja kwa mkulima wa kawaida. Wote wawili walikopa kiasi kilekile, kwa matumizi yaleyale, katika msimu uleule. Kilichowatofautisha ni kwamba mmoja alikuwa na dhamana, kumbukumbu za miamala na namna ya kuifikia benki.

Hapa ndipo kitendawili cha riba kilipo. Anayehitaji fedha ndogo kwa muda mfupi, na aliye maskini zaidi, ndiye anayeinunua kwa bei ya juu kuliko wote. Haitoshi kuwalaumu wakopeshaji. Kwa benki, gharama ya kuchambua na kufuatilia mkopo wa shilingi 200,000 haitofautiani sana na ile ya mkopo wa milioni 20. Aidha, kilimo cha kutegemea mvua kina hatari ya pekee: mvua ikikatika, hawashindwi kulipa mkulima mmoja au wawili, hushindwa kata nzima kwa pamoja. Hatari hiyo huingizwa kwenye bei ya mkopo.

Riba isiyoitwa riba

Sehemu kubwa ya riba wanayolipa wakulima haiandikwi popote. Mkulima anayekubali kupokea shilingi 575 mwezi Februari kwa kila kilo ya pamba itakayouzwa 1,150 mwezi Juni hatasema amekopa. Atasema ameuza mapema. Lakini kwa hesabu, amechukua mkopo wa miezi minne au mitano kwa riba ya asilimia 100.

Mtindo huu si wa Simiyu peke yake. Mkoani Kagera unajulikana kwa jina la butura, pale kahawa inapouzwa ikiwa bado mtini. Mtwara na Lindi unaitwa kangomba, na umewakosesha wakulima wengi wa korosho jasho lao. Serikali imeupiga vita kwa miaka mingi, kwa sheria na kwa matamko, na ni haki kufanya hivyo. Hata hivyo, uzoefu unaonyesha kwamba katazo peke yake haliondoi biashara ambayo chanzo chake ni njaa ya Februari. Linaisogeza gizani, na gizani bei huwa kali zaidi.

Lipo pia suala la kuyumba kwa bei. Deni huandikwa kwa shilingi, lakini mkulima hulilipa kwa kilo. Msimu wa mwaka 2022 ulifunguliwa kwa bei elekezi ya shilingi 1,560 kwa kilo. Uliofuata, wa mwaka 2023, ulifunguliwa kwa shilingi 1,060. Deni la shilingi 312,000 ambalo kwa bei ya kwanza lingelipwa kwa kilo 200, kwa bei ya pili lilihitaji kilo 294. Bila mkopeshaji kugusa riba, deni liliongezeka kwa karibu nusu likipimwa kwa jasho la shambani. Mwaka 2019 nao ulileta funzo la aina yake: bei ilikuwa shilingi 1,200, soko la dunia likashuka, wanunuzi wakasita, na wakulima wengi wakasubiri malipo yao kwa muda mrefu hadi Serikali ikaingilia kati. Kila mwezi wa kusubiri ulikuwa mwezi wa riba kwa aliyekuwa amekopa.

Upande wa mwenye akiba

Pengo la kipato halijengwi na anayelipa riba peke yake. Lipo pia kwa anayeipokea. Mwaka 2022 Serikali ilishusha riba ya hatifungani zake za muda mrefu: ile ya miaka 20 kutoka asilimia 15.49 hadi 12.10, na ile ya miaka 25 kutoka asilimia 15.95 hadi 12.56. Uamuzi huo ulikuwa na mantiki. Benki inayoweza kupata karibu asilimia 16 kwa kuikopesha Serikali bila wasiwasi wowote haina sababu ya kumfuata mkulima kwa asilimia 10.

Pamoja na punguzo hilo, mtu mwenye shilingi milioni 10 kwenye hatifungani ya asilimia 12.56 hupata shilingi 1,256,000 kila mwaka. Kwa bei ya 1,150, hiyo ni thamani ya kilo 1,092 za pamba, sawa na mavuno ghafi ya zaidi ya ekari tatu na nusu, bila kupanda, kupalilia wala kunyunyizia dawa. Si dhambi kuwekeza kwenye hatifungani. Fedha hizo hujenga miradi ya nchi, na ni jambo jema wananchi wengi wakishiriki. Lakini kiwango cha chini cha kuanzia ni shilingi milioni moja, na kaya inayokopa 200,000 ili ipalilie haimo katika mazungumzo hayo. Ikiwa na akiba kidogo kwenye akaunti ya kawaida, hulipwa riba isiyofika asilimia 3 kwa mwaka, yaani takribani sawa na mfumuko wa bei.

Hatua zilizochukuliwa na mipaka yake

Serikali imekuwa ikiushughulikia mnyororo huu katika vituo kadhaa. Julai 2021 Benki Kuu ilitenga mfuko wa shilingi trilioni moja wa kuzikopesha benki kwa asilimia 3, kwa sharti kwamba zikikopesha sekta binafsi zisizidi asilimia 10, na ikatoa unafuu katika amana za kisheria kwa benki zinazokopesha kilimo kwa kiwango hicho. Benki ya Maendeleo ya Kilimo Tanzania (TADB) inadhamini sehemu ya mikopo ya wakulima wadogo ili benki zisihofu kuwafikia. Aprili 28, 2025, Rais Dkt. Samia Suluhu Hassan alizindua Benki ya Ushirika Tanzania jijini Dodoma, inayomilikiwa kwa sehemu kubwa na vyama vya ushirika vyenyewe. Kwa upande wa udhibiti, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwaweka wakopeshaji chini ya leseni, na mwaka 2024 Benki Kuu iliorodhesha programu za simu zinazokopesha bila kibali na kuwatahadharisha wananchi.

Katika ngazi ya halmashauri, mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, yaani asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ilisitishwa Aprili 2023 kutokana na kasoro za urejeshaji na vikundi hewa, ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Halmashauri kumi zilichaguliwa kujaribu kuitoa kupitia benki, Itilima ya mkoani Simiyu ikiwa miongoni mwake.

Hata hivyo, uchambuzi wa haki hauna budi kuutaja udhaifu uliomo katika mpango huu kwa mikoa inayotegemea zao moja. Mapato ya ndani ya halmashauri za Simiyu hutegemea kwa kiasi kikubwa ushuru wa mazao, ambao kwa mazao ya biashara ni asilimia 3 ya bei ya mkulima. Bei ya pamba ikianguka, ushuru huanguka, na fungu la asilimia 10 nalo hupungua. Kwa maneno mengine, mfuko wa mikopo isiyo na riba huwa mdogo katika mwaka uleule ambao wananchi wanauhitaji zaidi. Upo umuhimu wa halmashauri kujiwekea akiba katika miaka ya bei nzuri ili miaka ya bei mbaya isiwasukume wananchi kwa wakopeshaji wa mitaani.

Riba inayobaki kijijini

Kanda ya Ziwa ina historia ya kujifunzia. Katika miaka ya 1950, wakulima wa pamba waliochoshwa na mizani ya hila na bei za wafanyabiashara waliunganisha nguvu chini ya Paul Bomani, na mwaka 1955 wakaunda Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililokuja kuwa miongoni mwa mashirikisho makubwa ya ushirika barani Afrika. Kilio chao kilikuwa bei na mizani, lakini walichokipata kilikuwa kikubwa zaidi: chombo chao wenyewe cha kubakiza faida ya zao lao mikononi mwao. Misukosuko ya baadaye, kuanzia kuvunjwa kwa vyama vikuu mwaka 1976 hadi ubadhirifu ulioviandama vilipofufuliwa, haifuti ukweli huo.

Leo somo hilohilo linaonekana katika vikundi vya kuweka na kukopa. Mwanachama wa kikundi cha kina mama hulipa riba pengine ya asilimia 5 au 10 kwa mwezi, kiwango ambacho kwenye karatasi ni kikubwa kuliko cha benki. Lakini mwisho wa mzunguko riba hiyo hugawanywa kwa wanachama walewale walioilipa, kulingana na hisa zao. Fedha haikuhama, ilizunguka. Kwa hiyo, tunapopima madhara ya riba kwa usawa wa kipato, kujua ni asilimia ngapi hakutoshi. Ni lazima tuulize pia inakwenda kwa nani.

Kinachohitajika sasa ni kuviunganisha vikundi hivi na AMCOS kwenye mfumo rasmi bila kuvinyang'anya sifa hiyo. Kumbukumbu za mauzo ya mkulima katika AMCOS kwa misimu mitatu zinaweza kuwa ushahidi mzuri wa uwezo wake wa kulipa kuliko hati ya nyumba asiyokuwa nayo. Stakabadhi ya ghala kwa mazao yanayohifadhika inaweza kumwezesha kukopa badala ya kuuza wakati bei iko chini. Bima ya mazao, ambayo kampuni za bima nchini ziliungana mwaka 2023 kuiendesha kwa pamoja, inaweza kupunguza ile hatari ya kata nzima inayozifanya benki ziogope.

Pande mbili za mizani

Riba nafuu peke yake haitoshi. Mkopo wa asilimia 10 kwa shamba linalotoa kilo 250 kila mwaka bado ni mzigo, kwa sababu hakuna nyongeza ya kuulipia. Kadhalika, mbegu bora na ushauri wa maofisa ugani havitamtajirisha anayelazimika kuuza pamba yake Februari kwa nusu ya bei. Mambo haya mawili hayana budi kwenda pamoja: kushusha bei ya fedha hadi iwe chini ya nyongeza ya mavuno, na kupandisha mavuno hadi yazidi bei ya fedha. Ekari inayotoka kilo 300 hadi 600 humwezesha mkulima kulipa riba ya halali na kubaki na mtaji. Ekari iliyosimama palepale haiwezi kulipa riba yoyote bila kumpunguzia mtu chakula.

Kwa mwananchi, wajibu nao upo. Aulize riba kwa mwezi na kwa mwaka kabla ya kutia saini, adai mkataba ulioandikwa kwa lugha anayoielewa, aikague leseni ya mkopeshaji, na akatae kuacha kadi ya benki au kitambulisho kuwa rehani. Mkopo wa halmashauri alipe kwa wakati, kwa kuwa fedha asizorejesha ni mkopo wa jirani yake.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Walikuwa wakimwonya mkopaji, lakini methali hiyo inatuhusu pia sisi tunaopanga na kusimamia sera. Mafanikio ya sera ya riba yasipimwe kwa asilimia inayotangazwa mjini peke yake, bali pia kwa idadi ya kaya za Simiyu ambazo zitaivuka Februari ijayo bila kuuza pamba iliyo bado shambani.